Blanketi la sufu la Wales si la kutandika sakafuni

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wenzangu wa Tabora ambao kila kipupwe hununua blanketi jipya.

Mama yangu aliachiwa na muuguzi mgeni blanketi la sufu lililofumwa Wales, nalo hadi leo linatutosha usiku wa Juni na Julai, wakati baridi ya huku, wanaoijua wanaijua, inapoingia mifupani. Limefumwa kwa matabaka mawili yanayoshikana ndani ya nakshi yenyewe, hivyo pande zote mbili zina mapambo yaleyale, ila rangi zimebadilishana nafasi. Katikati lina mshono, kwa kuwa mitambo ya zamani ya kufumia ilikuwa myembamba, ikabidi vipande viwili viunganishwe. Mshono huo, ambao wageni hudhani ni kiraka, ndio ninaoupenda kuliko yote.

Huko Wales viwanda vya kazi hii vimebaki vichache, kikiwemo Melin Tregwynt cha Pembrokeshire. Kwa hiyo namsihi aliyerithi blanketi la namna hii asilifue kwa maji ya moto, maana sufu husinyaa na kushikamana, na asiligeuze zulia kama nilivyoona katika nyumba moja mtaani kwetu.

Msomaji wenu,
Tabora