Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Bodi Kwanza, Kelele Baadaye

Ndugu wanachama na waheshimiwa wajumbe wa Kamati,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninawajibika kuwasilisha mbele ya Mkutano Mkuu taarifa ya kazi za mwaka unaomalizika. Mambo ya ada, usajili na mapato yamo katika taarifa za Katibu na Mweka Hazina mlizogawiwa mlangoni, nami sitayarudia. Nitaeleza kazi moja iliyochukua sehemu kubwa ya nguvu za Kamati ya Ufundi, yaani ukarabati wa Datsun 240Z ya mwanachama mwenzetu, kwa kuwa yaliyofichuka katika gari hilo yanamhusu kila anayefuga gari la kale la spoti hapa Tanga.

Gari lililetwa gereji, Ngamiani, likiwa na lalamiko moja tu: kelele. Mwenyewe alieleza kwamba akitoka Segera kurudi mjini hawezi kuzungumza na abiria wake bila kupaza sauti, akaomba tumtandikie mikeka ya kuzuia sauti sakafuni na milangoni, basi. Kamati iliona ni vyema bodi ikaguliwe kwanza. Fundi alipoliinua gari kwa jeki upande mmoja wa nyuma, mwanya wa juu wa mlango ulibana na komeo likakataa kushika. Bodi ilikuwa inajipinda, na sehemu ya makelele yale ilikuwa ni mabati yanayosuguana kwa kukosa mshikamano.

Ikumbukwe kwamba 240Z haina chasi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chasi. Nguvu yake imo katika vizingiti vya milango, katika reli zilizo chini ya sakafu, na katika ule mgongo wa kati unaofunika giaboksi na propela shafti. Kizingiti ni bati lililokunjwa na kufungwa pande zote hadi likawa mfano wa bomba, na bomba lililofungwa huhimili msokoto vizuri sana hata likiwa la bati jembamba. Likipasuka kwa urefu, hata kwa ufa usioingiza kadi, uwezo huo huporomoka kwa kiasi kikubwa mno ingawa uzito wa chuma ni uleule. Kutu hufanya kazi hiyo hasa, kwa sababu huanzia kwenye mshono wa chini, maji yanakotuama, na huku kwetu maji hayo huja na chumvi ya bahari.

Mikeka ya lami iliyobandikwa kiwandani ilipopashwa moto na kubanduliwa, bati la upande wa dereva liliinuka pamoja nayo kama ganda la kitunguu, na bisibisi ikazama katika kizingiti bila kusukumwa. Kama tungetandika mikeka mipya juu ya ile ya zamani, gari lingetulia kwa msimu mmoja huku likiendelea kuoza chini kwa chini.

Wapo waliosema katika kikao cha katikati ya mwaka kwamba gari la aina hii halihitaji kuimarishwa, kwa kuwa lilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 likiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ushindi huo ni wa kweli na unastahili heshima. Lakini magari yale yaliandaliwa maalumu kwa mashindano, yakiwa mapya, wala hayakukaa nusu karne kwenye upepo wa bahari wa Raskazone.

Kazi ilikwenda kwa mpangilio ambao ningependa uwe kanuni. Kabla ya kukata chochote, bodi iliwekwa juu ya stendi, vyuma vya muda vikachomelewa kukatiza nafasi za milango, na vipimo vya pembe kwa pembe vikaandikwa. Upande mmoja ulikamilishwa ndipo wa pili ukaguswa. Reli zilitengenezwa kwa bati la geji 18, sakafu kwa geji 20 ambalo ni jembamba zaidi, na uchomeleaji wote ulifanywa kwa mashine ya gesi (MIG, inayolisha waya huku gesi ikiukinga mshono) iliyoazimwa, kwa vipande vifupi vinavyorukaruka ili joto lisilipinde bati. Mashine ya vijiti inayochomelea mageti yetu ni nzuri kwa mageti. Kwenye minara ya shokapu za mbele tuliongeza mishono kati ya nukta za uchomeleaji wa kiwandani, kisha tukaiunganisha kwa upau mmoja. Ndani ya vizingiti ilipulizwa nta, na matundu ya kutolea maji yakaachwa wazi, ingawa kuna mafundi wanaoyaziba kwa puti wakidhani wanatenda wema.

Ndipo tukaja kwenye kelele. Bati linalotetemeka hutulizwa kwa mkeka wa mpira wa butili wenye karatasi ya alumini, wa unene wa milimita 2 hivi, na si lazima ufunike bati zima: robo hadi nusu ya eneo hutosha, na ukiligonga kwa kifundo cha kidole utasikia debe limegeuka ubao. Sauti inayopita hewani ni jambo jingine. Hiyo huzuiwa kwa uzito na kwa kuziba mianya, na kila unapozidisha uzito wa kizuizi mara mbili unapata takriban desibeli 6 tu, kwa hiyo kurundika mikeka katika gari la takriban tani moja ni kuliua kwa mapenzi. Raba mpya za milango na matundu ya nyaya yaliyozibwa yalitupa nafuu kubwa kwa gharama ndogo. Raba ya mlango wa nyuma, pamoja na gasketi za taa za nyuma, ilikomesha pia moshi wa eksozi ulioingia ndani, tatizo linalojulikana sana katika gari hili. Chini ya kapeti tulitumia sponji isiyonyonya maji. Pamba na magunia, ambayo bado naona yakiuzwa kwa kazi hii, hushika unyevu tangu masika hadi masika.

Gari limejaribiwa kutoka Mombo hadi Lushoto. Milango inafungika hata gurudumu moja likiwa juu ya jiwe, na mazungumzo yanawezekana. Mngurumo wa silinda sita umebaki, kwa ridhaa ya mwenyewe.

Kamati inaomba Mkutano uridhie mambo mawili: kwamba gereji yetu isitandike mkeka wowote kabla ya bodi kukaguliwa na fundi kutia saini, na kwamba uanzishwe mchango maalumu wa kununua mashine yetu ya gesi pamoja na mtungi wake. Kiwango kinachopendekezwa atakisoma Mweka Hazina. Wenye magari yasiyokuwa na chasi ya kujitegemea wajiandikishe kwa Katibu leo, ili ukaguzi wao ufanyike kabla ya mvua za vuli.