Ukuta wa Kondele urudishiwe mjane wake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya ukuta mmoja ulio njiani ukitoka Kondele kuja Kibuye, hapa Kisumu, sokoni ninapouza mitumba. Kwa miezi minne ukuta huo ulikuwa na picha ya mama ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba ya mabati, leso kiunoni, hatimiliki ya shamba ameilaza mapajani na kuikandamiza kwa viganja vyote viwili. Pembeni mkono wa mwanamume uliingia kutoka ukingoni, uso hauonekani, vidole vimenyoshwa kuelekea karatasi. Juu paliandikwa: NA MIMI NI WA BOMA HILI. Waliochora ni vijana wanne, watatu kati yao wasichana, na mwenye ukuta aliwapa ruhusa. Kisha asubuhi moja wakaja watu na ndoo za chokaa. Kufikia saa nne palikuwa peupe. Tulipouliza, tukaambiwa ni usafi wa mji.

Mabango ya wagombea wa uchaguzi uliopita bado yamebandikwa kwenye ukuta unaofuata, na vikaratasi vya waganga wa mapenzi viko kwenye kila nguzo ya stima mpaka sokoni. Hayo hayakuguswa.

Sisi tunaokaa karibu tuliiona picha ile ikifanya kazi. Wanabodaboda walibishana kuhusu ule mkono, kama ni wa shemeji au wa baba mkwe, hata abiria wakateremka kwa kuchoka kungoja. Siku moja mama wa makamo aliyekuja kutafuta sweta za watoto alisimama mbele yake kimya, kisha akaja kuniuliza kama ni kweli mjane anaweza kwenda mahakamani mwenyewe, bila kutumwa na ndugu za mume. Nikamweleza ninayoyajua: aanze kwa chifu, aandikiwe barua ya kuwatambulisha warithi wa marehemu, aende nayo mahakamani akaombe usimamizi wa mali, na asitie kidole kwenye karatasi yoyote ambayo hajasomewa.

Mimi nilitia. Shamba la mume wangu lilikatwa nusu kabla nywele nilizonyolewa msibani hazijaota. Nilikuwa na watoto watatu na nilidhani ndivyo ilivyo, kwa sababu popote nilipopita, iwe kanisani au kwenye baraza la chifu, sikuwahi kumsikia mtu akitamka kwamba ile nusu nayo ni yangu. Laiti ningeukuta ukuta ule wakati huo! Ndiyo maana siwezi kunyamaza nikiambiwa kwamba picha ni mapambo tu.

Na haikuwa na uchochezi wowote. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 60, inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi zinazohusu ardhi. Hata kabla ya hapo, mwaka 2005, Mahakama ya Rufani huko Eldoret ilikataa hoja kwamba binti asipewe urithi wa babake kwa kuwa ataolewa. Sheria ipo, lakini inakaa kwenye vitabu vya Kiingereza, na wakili ana bei yake. Ukuta unasomwa bure na anayekwenda hospitali, anayerudi shule na anayesukuma mkokoteni. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 33, inapotaja uhuru wa kujieleza inautaja pia uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Aliyetuma chokaa alipaswa kukisoma kwanza.

Wapo wanaosema kuchora kuta ni tabia ya vijana wa Nairobi. Nyanya yangu hakuwahi kuiona Nairobi. Kule Siaya wanaume walisimamisha nguzo na kuezeka, kisha nyumba ikaachiwa wanawake waikandike. Nyanya alichanganya udongo na samadi, akalainisha, halafu akatafuta udongo mwekundu na mweupe wa kupamba sehemu ya chini. Ukuta ulikuwa wake kabla ya kitu kingine chochote katika boma lile kuitwa chake.

Kwingineko wanawake wameulipia ukuta ghali. Shamsia Hassani, mchoraji wa Afghanistan, alichora kwenye kuta za Kabul mwanamke aliyefumba macho, asiye na mdomo, mara nyingi ameshika ala ya muziki. Taliban waliporudi mjini humo Agosti 2021, picha za wanawake zilizokuwa nje ya saluni zilianza kupakwa rangi mara moja. Kisumu si Kabul, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini chokaa ya Kondele iliniuma kwa sababu hapa hakuna mwenye bunduki aliyeiamuru, na bado ilipakwa.

Niseme pia na wafadhili, maana nao wana lawama yao. Picha nyingi wanazogharimia mjini zina mama anayetabasamu na kikapu kichwani, maneno ya Kiingereza, na nembo yao kubwa kuliko uso wa huyo mama. Hakuna anayesimama hapo kubishana. Wakija tena, waketi kwanza na wanawake wa soko, waulize ni lipi linalotukosesha usingizi, na maneno yaandikwe kwa Kidholuo au Kiswahili.

Ombi langu kwa wanaosimamia mji ni hili: mwenye ukuta akikubali, ofisi isiwe na kazi ya kupima maneno. Ikague kama jukwaa la wachoraji ni imara na njia ya waendao kwa miguu haijazibwa, basi. Na picha yoyote isifutwe kabla mwenye ukuta na wachoraji hawajapewa barua yenye sababu.

Mwenye ukuta ametuambia tuchore tena. Wanawake wa upande wetu wa soko tumechanga pesa za rangi, na wale vijana wamekubali kurudi. Tumeshaandika kuomba tuhakikishiwe kwamba chokaa haitarudi, na leo ni wiki ya tatu tunangoja jibu.

Muuza mitumba,
Kibuye, Kisumu