Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyayo na Wanyama wa Kipupwe, Kisiwani Mafia

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nitasemea madaftari ya doria, maana kazi yetu yote ya mwaka imo humo, na makosa yetu pia yamo humo.

Kasa wa kijani, ambaye humu namwita kasa tu, hupanda ufukoni Mafia kutaga karibu mwaka mzima, ila kilele chao ni Aprili hadi Juni, kwa hiyo viota vingi hutotoa kusi likiwa limeshika. Ng'amba, jamii nyingine ya kasa, msimu wao hasa ni Desemba hadi Aprili. Anayeandika ng'amba mwezi Julai aangalie alama mara ya pili. Kasa husukuma mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, hivyo alama za kushoto na kulia hutazamana kama za tairi la trekta. Upana wake ni kama mita 1 au zaidi, na mkia huchora katikati. Ng'amba hutanguliza pezi moja baada ya jingine, alama zake zinapishana, na upana kwa kawaida ni sentimita 70 hadi 85. Pimeni kwa utepe. Hatua ya mtu mrefu na ya mtu mfupi hazijawahi kulingana.

Kosa lililotuharibia hesabu ni kuandika kila njia ya kasa mchangani kuwa kiota. Kasa anaweza kupanda, akachimba, akakuta mizizi au mchanga mkavu unaobomoka, au akaona kurunzi, akarudi majini na mayai yake. Aliyetaga huacha ushahidi: hurusha mchanga nyuma kwa nguvu hadi ukafunika sehemu ya njia aliyojia na majani ya jirani. Lakini shimo mnaloliona mwishoni silo lenye mayai. Anapofukia huwa anasogea mbele, kwa hiyo mayai yako nyuma, chini ya tuta, mara nyingi mita 1 au 2 kutoka shimo hilo. Wapo waliochokoa shimoni kwa kijiti, wakakosa, wakaandika "hakutaga". Kijiti kikikosa, daftari limedanganya. Kikipata, yai limetoboka, na harufu yake huita siafu na kaa kwa kiota kizima. Vijiti vibaki nyumbani.

Njia ya kwenda na ya kurudi zinatambulika hivi: pezi husukuma mchanga nyuma, hivyo kijituta kidogo hubaki upande alikotoka. Zikipishana, iliyo juu ni ya kurudi. Tena, ikiwa njia ya kupanda imekatwa na mstari wa maji kujaa, na ya kurudi imeteremka chini ya mstari huo, basi aliondoka maji yakikupwa. Linganisheni na jedwali la maji, mtakadiria saa yake bila mtu kukesha. Mkishaandika, burueni mguu kukata njia zote mbili, juu ya mstari wa maji, ili kundi la pili lisihesabu tena. Tuliposahau hilo, kasa mmoja aliingia kwenye madaftari mawili.

Doria ianze saa 12 na nusu asubuhi. Jua likiwa chini, mwanga hupiga ubavuni na kila alama inatoa kivuli. Upande wa mashariki wa kisiwa cha Juani kusi halina huruma. Ikifika saa 4, kingo zimelala na ng'amba na kasa hawatofautiani tena.

Sasa viota vya kipupwe. Hesabu ya siku 55 hadi 60, tangu kutaga hadi kutotoa, tuliyoizoea ni makadirio tu. Mchanga ukipoa, mayai huchukua muda zaidi. Kuna kiota kilichofukuliwa mapema kwa sababu siku zilihesabiwa kwa vidole, na vitoto vilivyokuwamo vilikuwa bado na kiini tumboni. Kuanzia sasa hakifukuliwi kitu mpaka zipite siku 3 tangu vitoto vya kwanza vitoke. Ubaridi huo si hasara: mchanga ulio chini ya nyuzi 29 hivi hutoa madume zaidi, na ndiyo sababu tunawakatalia wanaotaka kufyeka vichaka vya ufukoni vinavyotia kivuli. Kiota kilicho chini ya mstari wa bamvua, yaani maji yanapojaa sana, kihamishwe na waliofunzwa na kuruhusiwa tu, ndani ya saa chache baada ya kutagwa, mayai yakishikwa bila kugeuzwa. Baadaye kijusi hujishika kwenye ganda, na yai likigeuzwa kinakufa.

Wezi wa viota nao waandikwe kwa nyayo zao. Kenge huacha mstari wa mkia unaopinda huku na huku, na kucha ndefu pembeni. Mbwa huonyesha vidole vinne na kucha. Paka hafichui kucha. Nguruwe pori ana kwato mbili, na kwenye mchanga laini vidole viwili vya nyuma huonekana. Kiboko hana kazi na viota, lakini anayekuta vidole vinne vipana njiani kuelekea mpunga asiendelee kufuata ili apime.

Nyangumi wenye nundu hupita kati ya Julai na Oktoba, wakitoka bahari ya kusini kuja kuzaa. Kusi likivuma, povu la wimbi hufanana sana na pumzi yake. Asiyeona mgongo wala mkia aandike "povu", haitakuwa aibu. Chombo kikae mita 100 au zaidi.

Papa potwe tuliandika "wameondoka". Tufute. Utafiti wa vitambulishi vya sauti, yaani vifaa vya kutoa mlio wanavyofungwa papa, uliofanywa hapa Mafia na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wengi hubaki karibu, isipokuwa wanakaa mbali zaidi na ufuko na chini zaidi. Neno sahihi ni "hawakuonekana". Na siku ambayo hakuna kilichoonekana iandikwe pia, pamoja na saa, upepo na urefu wa ufuko uliotembewa. Kurasa tupu za Agosti hazituambii kama ufuko ulikuwa mtupu au doria haikwenda.

Madaftari yote yamfikie katibu kabla ya bamvua la kwanza la Aprili, kila moja na utepe wake wa mita 2.