Priampu ya valvu, msidanganyike na mwanga

Mhariri, naomba nafasi niwaambie wenzangu wanaotafuta priampu ya valvu (kile kifaa cha kukuza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya, kinachotumia valvu, yaani mirija ya kioo inayowaka kama ya redio za zamani) ya bei poa kwa stirio ya nyumbani, jamani msinunue kwa kuangalia mwanga tu, nyingine zimewekewa taa ya LED chini ya valvu, pambo tupu. Ulizeni volti ngapi zinafika kwenye valvu yenyewe, maana 12AX7, aina moja ya valvu, imetengenezwa kufanya kazi kwenye volti 100 mpaka 250, sasa ile ya adapta ya volti 12 isiyo na saketi ya kupandisha umeme inaibana kabisa. Halafu sauti ya CD tayari ina nguvu, valvu ya 12AU7 inayokuza kama mara 20 inatosha, 12AX7 inakuza kama mara 100, ya nini yote hiyo? Mi yangu ya kwanza ilitoa sauti ya mvumo mpaka nikaiuza.

Msomaji wenu, mpenda muziki