Umeme unapotea kwenye mashine, si kwenye taa

Mhariri,

Mimi ni fundi wa matengenezo kiwandani, na kuna jambo linaniuma. Kila bili ya umeme ikipanda, tunabandikiwa tangazo la kuzima taa. Taa zizimwe, sawa. Lakini walaji wakubwa ni mota, kompresa na matanuri, na huko hakuna anayepima.

Mita ya langoni inatoa jumla ya mwezi tu. Haisemi ni mashine ipi ilizunguka bure ikisubiri malighafi. Taiichi Ohno wa Toyota alipotaja aina 7 za upotevu, nishati haikuwamo kama aina ya peke yake, ila ukichunguza utaikuta ndani ya aina hizo: bidhaa mbovu inatupwa pamoja na umeme ulioitengeneza, na kuitengeneza upya kunakula umeme mwingine. Ndiyo maana nataka uniti zihesabiwe kwa kila bidhaa nzima iliyotoka, mashine kwa mashine, zamu kwa zamu, na ziandikwe ubaoni mbele ya wanaoziendesha.

Kinachonikera zaidi ni hewa ya kompresa, yaani hewa inayoshindiliwa kwenye mabomba ili iendeshe mashine, ambayo wengi huiona kama ya bure. Katika umeme unaoingia, kiasi cha asilimia 10 hadi 15 tu ndicho hufanya kazi; unaobaki huishia kuwa joto. Mabomba yasipotunzwa, uvujaji peke yake unaweza kumeza asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote. Halafu presha ikishuka, msimamizi anaagiza iongezwe, na matundu yale yale yanavuja zaidi! Kumbe kwenye mitambo ya kawaida yenye presha ya baa 7 hivi (baa ni kipimo cha presha), kupunguza baa moja huokoa karibu asilimia 7 ya umeme wa kompresa.

Kupima si kazi ngumu. Zima mashine zote zinazotumia hewa, acha kompresa peke yake, kisha shika saa uone inasukuma kwa muda gani na kupumzika kwa muda gani. Hewa yote inayosukumwa wakati huo inavuja. Pita na maji ya sabuni kwenye maungio, funga kitambulisho chenye tarehe kila palipotoa povu, na fundi apewe ruhusa ya kusimamisha laini ya uzalishaji abadilishe mpira wa maungio.

Wakuu wanaofikiria kununua kompresa ya pili wafanye kwanza jaribio hilo, siku ambayo hakuna uzalishaji. Mafundi tuko tayari kuja.

Fundi wa matengenezo