Kabla ubonyeze, angalia kingo za picha

Wateja wetu wapendwa, hii tunaona karibu kila wiki. Mtu analeta picha ya familia kwa simu, anataka tuiprinti inchi 4 kwa 6, tukiiweka kwa mashine viatu vinaenda na nywele za watu wa nyuma zinaenda. Mashine haijakosea. Simu nyingi hupiga umbo la 4:3 (upande mrefu 4, mfupi 3) na hiyo karatasi ni 3:2, kwa hivyo picha ya kulala ikijaza karatasi lazima juu na chini kupunguzwe, jumla karibu asilimia 11. Ukiprinti inchi 8 kwa 10 kutoka kwa kamera ya 3:2 ndio mbaya zaidi, pembeni kunaliwa, na shangazi aliyesafiri kutoka Kitale kuja harusi anabaki na bega moja.

Dawa ni kuzoea kuona fremu yote, si uso peke yake, ndio maana tumewaletea chalenji ya mwezi huu. Washa gridi (ile mistari inayogawa skrini ya kamera) kwa simu kwanza.

Ya kwanza, mtu mdogo mahali pakubwa. Pale KICC, Nairobi, rudi nyuma mpaka jengo lijae, mtu wako umweke chini kwa kona, na usimwite katikati hata akilalamika kwamba haonekani.

Ya pili ndio tunaipenda sana, fremu ndani ya fremu. Dirisha la matatu, mlango wa kibanda, matawi ya jacaranda ikifika Oktoba. Mpige mama mboga (muombe ruhusa kwanza) ukiwa mbele ya kibanda, nguzo mbili zimemzunguka, sukuma imening'inia juu, halafu sogea hatua moja kushoto uone vile nguzo inaanza kumkata mkono. Hiyo hatua moja ndio kazi yote ya picha, ukweli.

Ya tatu, mtu wa boda anayeenda: acha nafasi mbele yake, si nyuma.

Na ukikata mwili, kata katikati ya paja au kiunoni, usikate kwa goti wala kifundo cha mguu, anaonekana kama amekatwa miguu.

Leta zako tatu bora, tutakuonyesha kwa skrini mahali karatasi itakata kabla hujalipa chochote. Ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na ukubwa unapotea.