Dubai hadi Guangzhou: umbali na saa za safari

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Kwa kuwa wengi mmeuliza kuhusu kipande cha pili cha safari yetu ya kufuata bidhaa China, naomba niwaeleze kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Dubai hadi ule wa Baiyun, Guangzhou, ni takribani kilomita 5,800 kwa mstari wa moja kwa moja, nayo ndege huchukua saa saba na nusu hivi angani. Wakati wa kurudi muda huongezeka kwa karibu saa nzima, kwa sababu upepo wa anga za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na ndege hulazimika kuukabili.

Tafadhali zingatieni saa. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa nne, na mbele ya Dar es Salaam kwa saa tano. Kwa hiyo tukiruka Dubai saa nne asubuhi, tutatua saa tatu na nusu usiku kwa saa za huko, ingawa mwilini itakuwa bado jioni. Tiketi huandika saa za mahali husika: 10:00 ni saa nne asubuhi, si saa kumi. Safari iliyopita mwenzetu mmoja aliisoma vibaya, akaikosa ndege, na iliniuma sana kumwacha nyuma.

Atakayechanganyikiwa na tiketi yake anitumie picha yake faraghani kabla ya Ijumaa.